Dirisha Tulilolishona Champlin

Nilifika Minnesota kwa basi nikitokea Texas. Texas nilifika kwa ndege nikitokea Johannesburg, baada ya kushinda bahati nasibu ya viza niliyoijaza kwa mzaha. Johannesburg nilifika kwa malori, kupitia Tunduma, Lusaka na Harare, nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na jozi moja ya viatu. Kila mahali nilikaa mpaka nikaijua mitaa, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Mama alikuwa akisema mimi nimezaliwa njiani, na ni kweli, hospitali ilikuwa bado mbali. Basi lile la kutoka kusini lilitembea usiku na mchana. Nilipoamka nikaona theluji juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nyeupe mpaka macho yanapoishia, nikajiambia hapa nitapumzika kidogo. Nikapumzika karibu miaka sita. Tangu nitoke kwetu sijakaa mahali muda huo, na sababu yake ilikuwa mwanamke mmoja.

Mimi nilifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali moja Minneapolis. Jumapili nilisali na Wakongo, kwa kuwa ibada yao ilianza mchana nami nilipenda kulala. Mwanamke huyo alikuwa mmoja wao, mjane wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambini Kigoma kabla hajaletwa Marekani na watoto wake. Siku za zamu alikwenda Blaine kuhudumia wazee. Siku nyingine alishona. Gereji ya nyumba aliyopanga Champlin, nje kidogo ya Minneapolis, haikuwahi kulaza gari. Mlikuwa na cherehani kubwa ya kiwandani, marobota ya vitenge, na majoho ya kwaya yaliyoning'inia kama watu wanaosubiri kuitwa.

Mara ya kwanza nilimpelekea koti lililokufa zipu.

"Weye Mtanzania," alisema akiligeuzageuza, "mulitufungia kambini tusitoke hata kununua chumvi, leo unaniletea zipu?"

"Si mimi, dada. Wakati huo na mimi nilikuwa nafukuzwa na polisi wa watu wengine."

Akacheka, akalitengeneza koti, akakataa malipo. Wiki iliyofuata nikapeleka samaki. Baada ya mwaka wa pili nilikuwa na kiti changu mezani kwake, na waumini walikuwa wameacha kuuliza.

Gari nililinunua Oktoba, wakati watu wa kule wanauza vitu vya jua kwa bei ya kutupa. Lilikuwa la bluu, la zamani, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, na dirisha la nyuma la plastiki iliyoshonewa kwenye turubai. Nilikuwa nimelitamani gari la aina hiyo tangu ujana. Yeye alilizunguka akiwa amefunga mikono kifuani.

"Gari la kwenda wapi hili?"

"Popote."

"Popote si mahali."

Hata hivyo ndiye aliyesema twende nalo kwa kaka yake. Kaka huyo, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, alikuwa akiishi Iowa. Kwao mwanamume hali chakula cha mwanamke miaka yote hiyo bila kujionyesha kwa ndugu zake. Tukakubaliana: theluji ikiisha tutakwenda, nitajieleza, na mambo yatakuwa na jina. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walidhani sikukubali.

Jua la Aprili la kule ni la kudanganya. Siku moja lilitoka kali, barabara zikakauka, nikaona siwezi kungoja zaidi, nikakunja paa. Sikujua kwamba plastiki ikishikwa na baridi haikunjiki. Wenye magari hayo huipasha moto kwanza, au hungoja. Mimi natoka mahali ambapo baridi haivunji kitu. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, na ufa ukapita dirishani kutoka pembe hadi pembe. Nikaubandika kwa utepe wa gundi, na kila aliyenifuata barabarani akauona.

"Bon, haya," alisema alipouona. "Toa hiyo takataka. Nitashona ingine."

"Hii si joho, mama."

"Kitu kina uzi, ni kitu changu."

Basi tukashona. Niseme alishona, mimi nilishika. Tulikata uzi wa zamani kwa wembe, tukalitoa dirisha bovu, tukalilaza mezani juu ya plastiki mpya ngumu aliyoinunua duka la vitambaa, akachora kwa chaki kulizunguka. Turubai tulilolifungua garini lilikuwa zito, nami nililibeba mabegani huku yeye akilisukuma chini ya sindano na kunikaripia. "Inua! Si hivyo, unanyonga kichwa cha mashine. Weye ulilelewa na nani?" Watoto walikuja kututazama, wakacheka kwa Kiingereza, wakaondoka. Ilituchukua mchana kutwa, na mpaka leo sijawahi kuwa na mchana mwingine kama ule.

Mshono ulikuwa mzuri ajabu. Kambini alikuwa akishona sare za shule, na huko alisifika kwa mishono midogo, ya karibukaribu, ambayo mtoto hawezi kuichana hata akipanda miti. Alilishona dirisha langu hivyo hivyo, hatua za sindano zikiwa ndogo kama chembe za mchanga, kisha akarudia juu yake mara ya pili ili lishike zaidi.

Jumamosi ya safari alivaa kitenge kipya, na mimi koti lile. Tulikuwa tumeiacha Minneapolis na mji pacha wake nyuma, tuko kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo unapiga turubai, mara tukasikia kitu kinachanika. Dirisha lilikuwa linatoka kwa kufuata mshono, kama karatasi ya kalenda inavyong'oka kwenye vitundu vyake. Nilipofaulu kusimama pembeni lilikuwa limebaki na upande mmoja tu. Alishuka, akalishika, akapitisha kidole kwenye ile safu ya vitundu. Alielewa kabla yangu. Katika kitambaa mishono ya karibu ni nguvu. Katika plastiki ni vitundu tu.

Nilitaka kumfariji. Nikasema, "Si kitu, mama. Ni plastiki tu."

Malori yalikuwa yanapita yakitutikisa. Alimpigia kaka yake, akamwambia leo si siku yake, tukarudi kwa mwendo wa pole huku ameikunja mikono ndani ya kitenge.

Wiki ile nililipeleka gari kwa fundi mmoja wa maturubai. Nilidhani ndiyo heshima: nisimrudishe kwenye kazi iliyomwaibisha, nilimalize jambo, tupange Jumamosi nyingine. Fundi aliweka dirisha jipya, akanipa taulo kuukuu la kuweka kwenye mkunjo kila ninapofungua paa. Nikaendesha moja kwa moja hadi Champlin nikiwa na furaha.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Yeye yuko mezani, na mbele yake kuna dirisha la pili, limekwisha kukatwa, nusu limeshonwa kwenye ukingo wa turubai jipya. Mishono ilikuwa mirefu, uzi mnene. Pembeni palikuwa na rundo la vipande alivyojaribia. Alikuwa amekwenda kuuliza, akafundishwa, akajifunza upya kitu alichokijua maisha yake yote.

Aliliangalia gari kupitia mlango.

"Ah. Umepata fundi."

"Nilitaka tuwahi kwa kaka."

"Ndiyo." Akatoka, akalipapasa dirisha. "Amefanya vizuri."

Kisha akarudi ndani, akaifunika cherehani.

Ningeweza kumwambia, litoe hili, tuweke lako. Lilikuwa jambo dogo, la wembe na nusu siku. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi tangu hapo, katika miji ambayo hakuna anayenijua. Siku ile nilisema chai inanukia vizuri.

Safari ya Iowa haikukataliwa, iliahirishwa. Mara zamu, mara msiba wa mtu wa kwaya, mara mtoto anaumwa. Nami sikusukuma. Nilikuwa nimeanza tena kuzisikia njia zikiniita, na ukimya wake nikaufanya ruhusa. Septemba mtu niliyefahamiana naye Texas akanipigia akasema kuna kazi ya samaki Alaska. Nikasema nitafikiri, lakini nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Siku ya kuondoka nilimkuta mlangoni amevaa sare ya kazi, funguo mkononi. Alinipa mkate na mayai ya kuchemsha, vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa.

"Kaka yangu ameuliza tena," alisema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nimesafiri."

"Kusafiri kwako anakujua. Nimeuliza, nimwambie nini?"

Nilitazama viatu vyake, vyeupe, vya zamu. Alisubiri muda wa kutosha, zaidi ya nilivyostahili, kisha akasema atachelewa kwa wazee wake, akaingia ndani kuchukua koti. Niliwasha gari. Kwenye alama ya kusimama mwisho wa mtaa nilikaa mpaka aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi, kisha nikakata kushoto, kuelekea Alaska.