Mama Mkwe Jukwaani

Sisi tuliokulia Lubumbashi kabla simu hazijaingia hadi mezani, Jumapili yetu ilikuwa na harufu yake: mkaa wa jiko la mbabula, majani ya muhogo ya sombe yakichemka, samaki wa chumvi wa bitoyo wakikaangwa. Redio ya jirani ilisikilizwa na mtaa mzima bila kuomba ruhusa. Wasichana tuliruka lastiki mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi. Shuleni, ukiteleza ukasema Kiswahili, ulivishwa kipande cha ubao shingoni, ukatembea nacho hadi umkamate mwenzako akiteleza vilevile. Mama alikuwa na msemo wake: "Kifaransa iko ya masomo, Kiswahili iko ya bukari." Bukari ndio ugali wetu.

Baba hakuukubali msemo huo. Alikuwa mwalimu, baadaye akafundisha chuo kikuu pale Kasapa, na kila jioni baada ya kula alitafsiri michezo ya kuigiza kutoka Kifaransa kuingia Kiswahili chetu cha nyumbani. Akimaliza ukurasa humsomea mama. Mama akicheka, umepita. Mama akiendelea kuchambua mboga, baba anafuta.

Padri wa parokia yetu alimpa ukumbi kwa mchezo mmoja tu. Watu wakitoka katikati, alisema, tunarudi kwenye Kifaransa. Baba akakosa usingizi, na mimi, niliyepewa nafasi ya binti asiyesema neno, nikakosa naye.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mambo yalikwenda vizuri hadi mume kijana alipogombana na mama mkwe wake. Katika mchezo wa Kifaransa anamwendea na kumsonta kidole usoni, na baba aliacha vilevile. Mama, aliposomewa nyumbani, alisikia maneno tu, kidole hakukiona. Kicheko kikakatika. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe machoni. Akimwona njiani, anapinda. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akakaza kitenge chake.

"Ni mukwe yake iko pale, na anamusonta kidole? Miye naenda kwangu."

Wengine nao wakaanza kukusanya watoto. Nilimwona padri akitazama mlango, nikamwonea baba huruma mpaka machozi yakanilenga.

Baba akatoka nyuma ya pazia na suti yake ya harusi, akamshika kijana mabega, akamgeuza. "Sema na kiti, papa. Kiti kitamufikishia."

Kijana akakifokea kiti maneno yaleyale. Mama mkwe naye akampa mgongo, akaujibu ukuta. Watu wakaangua kicheko, maana kila mmoja aliiona nyumba yake. Yule mama wa kitenge akakaa, tena akaanza kumsaidia mama mkwe kujibu. Jumapili iliyofuata padri alitangaza kanisani mchezo mwingine wa Kiswahili.

Leo nami nafundisha Kasapa na kutafsiri michezo. Wanafunzi wangu huona mchezo wa saa mbili ni adhabu, na wakwe wa siku hizi hukumbatiana na mama mkwe ili wapigwe picha. Nasikitika kidogo, maana aibu ile ilituchekesha sana. Baba hayupo tena, na ningependa sana awaone vijana hawa. Juzi niliwakuta darasani wakibishana kwa sauti jinsi mjane wa mchezo tunaoutafsiri, kama angeishi Kasungami, mtaa wa hapa mjini, angemjibu tajiri kwa Kiswahili chetu. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Hakuna aliyeuliza kama lugha hiyo inafaa jukwaani. Swali lile lililomtesa baba, wao hawajawahi hata kulisikia.