Mfupa wa Askofu

Juzi kanisani, mtaa wa Frogtown hapa Minnesota, nilimwona mtoto akiinuliwa abusu kisanduku cha kioo, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, kanisani humo humo, iliyonuka ubani na makoti yaliyolowa theluji. Mdogo wangu Baraka alikuwa apasuliwe mguu kesho yake. Padri alisema kisandukuni mna mfupa wa askofu mtakatifu wa Ujerumani ya kale. Nilidhani askofu anatafuta mifupa mingine, kwa hiyo mama alipomwinua Baraka abusu kioo, nilimng'ang'ania mdogo wangu.

"Mama, atamchukua mguu!"

Mama alimshusha Baraka, akapiga magoti mbele yangu.

"Non, hapana, mwanangu. Huyu alikuwa anaosha miguu ya maskini. Hanyang'anyi mtu."

Leo najua mama aliogopa kuliko mimi. Siku ile sikumwamini. Nilitangulia kubusu kile kioo, ili askofu akitaka mguu, achukue wangu.