Anayesoma Kuanzia Nyuma

Wenzake chuoni humwita Bwana Tatu, kwa kuwa anaandika kuhusu udongo, nyuki na nyimbo za kubembelezea watoto. Mshika mbili moja humponyoka, husema, sembuse aliyeshika tatu. Ndiyo maana hanukuliwi, na cheo kinampita kila mwaka. Mkutubi amezoea kumwona akiingia na tope viatuni, akachukua jarida jipya na kulifungua kwa nyuma, penye marejeo, kidole kilichovimba kwa miiba ya nyuki kikishuka jina kwa jina huku akiimba chinichini wimbo wa kulaza mtoto. Maskini, anajitafuta, mkutubi huwaza. Leo, kwenye jarida la udongo, kidole kimesimama. Bwana Tatu amevua miwani, akaipangusa kwa shati lililo chafu kuliko miwani yenyewe.

“Hatimaye wamekutaja, Mwalimu?”

“Mimi? Wala.” Akamgeuzia ukurasa. “Huyu binti. Nilimfundisha mimi. Si ndiye aliyekuwa akilia hapa hapa mezani kwako, eti hana kichwa cha utafiti?”

Mkutubi akamkumbuka, kwikwi na yote. Bwana Tatu akavaa miwani, wimbo ukamrudia.

“Hebu niletee na lile la nyuki, dada. Huko nako nina mtu.”