Mboji ya Migunga ya Mto Daua

Hainitoki akilini asubuhi moja ya ujana wangu hapa Rhamu, mwanangu. Kiangazi kilikuwa kimetufukuza Takaba. Mbuzi walikwisha, na baba akapata kishamba kando ya Mto Daua. Sisi wafugaji vitunguu tulivijua sokoni tu. Tulivyopanda vikatoka vidogo, majani ya manjano.

Rafiki yangu Ibrahim, jirani wa shamba, ndiye aliyeona udongo mweusi chini ya miti ya migunga ya ukingoni. Tukaukwangua pamoja na majani yake, tukajaza mikokoteni yetu ya punda. Ndipo akatokea Habaryar Halimo, mdogo wake mama, akamshika punda wangu hatamu.

"Mnakipeleka wapi chakula cha miti?"

"Ni majani tu, habaryar. Yanaanguka kila siku."

Hakugombana. Alipiga magoti mahali ambapo hatujapagusa, akafunua kwa mkono. Juu majani makavu. Chini yake yaliyotafunwa na mchwa. Chini zaidi vipande vyenye nyuzi nyeupe za ukungu. Mwisho ule udongo mweusi, wenye unyevu hata katika jua lile. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

"Mti hula majani yake mwenyewe," akasema. "Yakioza, mizizi hunyonya nguvu yake, ikapanda tena juu. Ukichukua huu, mti utakula nini? Rudisha, Yusuf. Mboji yako itengeneze mwenyewe."

Nilirudisha, kwa kununa. Ibrahim hakurudisha, yule hakuwa habaryar wake. Na sikufichi: msimu ule vitunguu vyake vilijaa kiganja, vyangu vikawa kama gololi. Nikaokota samadi kwa majirani, nikachimba shimo, nikaichanganya humo na mabua ya shambani, nikaimwagia maji, nikangoja. Majani hayaozi kwa kuhimizwa, hasa nchi kavu kama yetu. Msimu uliofuata vikaanza kunenepa.

Ibrahim aliendelea kukwangua, wengine wakamwiga. Ardhi pale ikabaki tupu, ngumu kama sakafu. Mvua ikipiga haiingii, inateremka. Migunga ikadhoofu, mingine ikakauka. Mto ulipofurika, ukingo ukamong'onyoka, ukaondoka na shamba lake karibu lote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye hata pa kujenga hapakubaki.

Alikuja kwangu miguu imejaa matope. "War, ndugu yangu Yusuf, nimebaki na jembe tu."

Kwangu mizizi ilikuwa imeushika ukingo, nikamwonyesha matuta ya kuanzia. Tunalima pamoja hadi leo.

Sasa nawaona nyinyi mkifagia majani chini ya miti na kuyachoma, mkisema ni uchafu. Mwanangu, fagia mlangoni, nyoka asijifiche. Chini ya mti yaache yaoze. Ukitaka mboji, ozesha ya kwako. Na anayekuzuia leo, usimkasirikie kabla hujaona mvua imefanya nini.

Mwenyezi Mungu akupe mvua ya kiasi, ardhi inayoshika maji, na wajukuu watakaokuta kivuli. Amin.