Pumzi za Mbagnick Ndiaye

Mbagnick Ndiaye ana mabega mapana kama mlango wa msikiti, na pumzi za kuku aliyefukuzwa. Ni mcheza mieleka wa hapa kwetu Thiaroye. Alikuwa ameangushwa mara mbili mfululizo, na kocha Waly akamwambia mbele yetu sote: "Ukianguka Jumapili, tafuta timu nyingine." Timu nyingine ya kumtaka haipo.

Mazoezini, mkishikana mara ya kwanza anakunyanyua kama mtoto. Mara ya pili kashika magoti, anakohoa. Halafu, Mungu wangu, anakwenda nyuma ya ukuta kuvuta sigara eti kifua kifunguke!

"Mbagnick, sigara ndiyo inayokuangusha," nilimwambia.

Akajipiga paja. "Msikieni Diop! Mtumwa wangu ana wivu!"

Hapo ndipo ninapotaka kupasuka. Mimi Diop, yeye Ndiaye. Koo zetu ni watani tangu mababu; kuitana watumwa na walafi wa wali ndiyo salamu yetu. Hata nikimwambia nyumba yake inaungua, atasubiri sehemu ya kuchekesha.

"Sitanii, mla wali we! Moshi unakula pumzi. Nilisoma chuoni."

"Diploma yako umeiacha nusu, sasa unataka na mapafu yangu yawe nusu?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, mpumbavu mimi, maana ilichekesha.

Yeye alishaamua kwamba pumzi zake zimefungwa na mganga wa Sitor, mpinzani wake. Basi Jumapili aliingia uwanjani na hirizi kila kiungo, akajimwagia dawa chupa baada ya chupa. Ngoma zikalia. Akamkamata Sitor kiunoni, akamnyanyua, miguu ikaning'inia hewani. Bado kumlaza tu! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mara kifua cha Mbagnick kikaanza kupiga filimbi, mdomo wazi, mikono ikalegea. Sitor akatua kwa miguu yake, akamsukuma kwa kiganja, basi. Mgongo ukalala mchangani.

Kocha Waly hakugomba. Alimpa mkono wa kwaheri, akaenda zake.

Nikachuchumaa mbele ya Mbagnick. "Ndiaye, kaka yangu, leo nakuomba. Ziache sigara."

Akanitazama, macho mekundu. Nikadhani neno limemwingia. Kisha akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkunja.

"Diop, hata msibani huachi utani! Hebu niletee kiberiti."