Nilifuta code ya marehemu kaka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga

Wakuu, habari za kazi. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Unyambwa, Singida. Sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila asome hadi mwisho.

Kaka yangu Elia alifariki mwaka juzi. Alimwachia mama mashine ya kutotolea vifaranga: box la plywood la bluu, balbu mbili, sensor ya joto na microcontroller, ile chip ndogo inayosoma joto na kuamua balbu ziwake au zizime.

Mbele kuna kioo kidogo. Mama akifungua mlango asubuhi, kinaandika: SHIKAMOO MAMA.

Na mama anajibu, "Marahaba mwanangu." Kila siku.

Mimi ni mtu wa kuhoji, hata mchungaji wetu ananikwepa. Nikamwambia, "Mama, hicho ni kioo tu."

"Kwani nimesema ni nini? Wewe mwenye mdomo, leo umeniamkia?"

Nikaamkia.

Mwezi uliopita mashine ikaanza wazimu. Joto linasoma 37 vizuri, ghafla 85, balbu zinazima, mayai yanapoa. Trei nzima ikaharibika.

Nikajua tu ni code, yaani maagizo aliyoiandikia chip. Elia alikuwa mtu wa kuungaunga. Nikachomeka laptop niisome, nikakuta chip imefungwa. Aliifunga mwenyewe, alikuwa anaogopa mafundi wa mjini wasimkopi. Ikifungwa hivyo huwezi kuisoma, unaweza tu kufuta kila kitu na kuandika upya. Na laptop yake hard disk ilishakufa.

Mama akauliza, "Haitengenezeki bila kumfuta?"

"Haitengenezeki. Nitaandika ileile."

Nikabonyeza erase. Haikuchukua hata sekunde tatu.

Siku mbili nikaandika code mpya, safi, ya kujivunia. Nikawasha. Baada ya dakika ishirini: 85.

Wenye fani mmeshacheka. Sensor za aina ile umeme ukikatika kidogo na kurudi, zinatoa 85 kabla hazijapima chochote. Mimi nilikuja kulisoma hilo baadaye.

Nikafuata waya. Pale Elia alipousokota na kuufunga selotepu, mvuke wa bakuli la maji linalowekwa ndani kwa ajili ya unyevu ulikuwa umeingiza kutu. Nikakwangua, nikaunga kwa risasi ya kulehemu. Robo saa, kazi imekwisha.

Code ya kaka haikuwa na kosa.

Kesho yake mama akafungua mlango. SHIKAMOO MAMA. Akakitazama kioo.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwenzio alikuwa anangoja. Nafungua, nainama, nageuza yai la kwanza, ndipo anaamkia. Wewe unaamkia kama unakimbizwa."

"Alikuwa anangoja sekunde ngapi?"

"Sasa mimi nilikuwa nahesabu? Kidogo tu."

Nimejaribu mbili, tatu, nne, nne na nusu. Kila asubuhi nasimama nyuma yake kusubiri. Marahaba anaitikia, ila anageuka ananiangalia mimi.

Nilichojifunza: shika waya kwanza kabla hujashika code ya mtu. Mimi ninayehoji kila kitu, jibu langu mwenyewe sikulihoji hata dakika moja.

Sasa wakuu, sababu ya uzi huu. Elia alitengeneza mashine mbili. Ya pili ilichukuliwa na mzee mmoja wa Manyoni, namba yake ilipotea na simu ya marehemu. Code ni ileile, maana mzee alilalamika kwamba mashine inamwita mama. Elia akacheka, akaahidi kwenda kurekebisha. Hakwenda.

Kama kuna mtu Manyoni anajua box la bluu la plywood linaloamkia, aandike hapa chini. Mwambieni mzee asiruhusu fundi yeyote aliguse.

Laptop siji nayo. Nikae tu pembeni, afungue mlango, nihesabu.