Mwangwi wa Ngazi

Kila aingiapo mahali, fundi mitambo wa kurekodi muziki hupiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza kuta zinavyomjibu. Studio yake ya Mchafukoge ameizungushia magodoro, na asubuhi nzima ngoma za Najma, mpigaji wa bendi iliyokuwa ikirekodi albamu yake ya roki, zilikuwa zikilia humo kama mtu anayekung'uta mto. Basi akavua makubazi, akapanda ngazi za jengo kongwe lenye studio hiyo akipiga kofi kila kona, mpaka ghorofa ya tatu akatabasamu. Akabisha hodi mlango kwa mlango kwa ile sauti yake ya chini, kama anayeomba chumvi: "Naomba mniazime ngazi kwa wimbo mmoja tu."

Zilipohamishiwa hapo, ngoma zikanguruma hadi Najma akasisimka mwili. Mlio wa mwisho wa toazi ulikuwa bado unateremka ngazi na mwangwi wake, bibi mmoja aliyesimama chini na kikapu akauliza, "Mmeshamaliza, wanangu? Samaki wangu wanaharibika." Najma akaomba sauti ile ikatwe kwenye rekodi. Fundi akacheka kimyakimya, vidole vyake vikikunja waya.

"Yumo ndani ya mwangwi, dada. Nikimtoa bibi, nimezitoa na ngazi."

Kisha akateremka pekupeku kumpokea kikapu.